Franco Anaposema Jambo Zito

Kambi ya Nyarugusu, wilayani Kasulu, ilifunguliwa mwaka 1996 kuwapokea Wakongo waliovuka Ziwa Tanganyika wakikimbia vita. Rumba waliyokuja nayo haikuwa ngeni kwa wenyeji: Kasulu na Kibondo walishaizoea redioni miaka mingi. Katika hazina hiyo ipo santuri moja inayostahili kusikilizwa bila haraka: Attention na SIDA, ya Franco Luambo Makiadi, kiongozi wa TPOK Jazz, iliyotoka mwaka 1987.

Zaire, kama Kongo ilivyoitwa wakati huo, ilikuwa mkononi mwa Mobutu Sese Seko tangu 1965, chama kikiwa kimoja na wanamuziki wakitarajiwa kukisifu. Franco aliijua mipaka kwa sababu ilishamuumiza. Juni 1966 wanasiasa wanne walinyongwa hadharani Kinshasa, akiwemo aliyekuwa waziri mkuu, Évariste Kimba. Franco akatoa Luvumbu Ndoki, wimbo wa Kikongo juu ya mkubwa anayewatoa kafara ndugu zake. Haukumtaja mtu, lakini wakubwa walielewa. Santuri zikakamatwa, naye akavukia Brazzaville kwa muda. Mwaka 1978 akafungwa kwa nyimbo zilizoitwa za matusi. Mwaka 1984 huyohuyo akampigia debe Mobutu kwa wimbo mrefu. Hakuwa mpinzani wa siasa, na heshima yake haihitaji tumzushie upinzani. Alikuwa fundi aliyejua lini afumbe na lini afumbue.

Mwaka 1987 alifumbua. Ukimwi ulikuwa unaua na wengi walikuwa wakiuzungumza kwa kificho. Huku kwetu Tanzania wagonjwa wa kwanza walitambuliwa mwaka 1983 mkoani Kagera, uliopakana na Kibondo ya wakati ule, na watu wakaubatiza ugonjwa Juliana. Franco aliuweka wazi kwenye jina la santuri, kwa kuwa SIDA ni Ukimwi kwa Kifaransa, mtu ausome kabla sindano haijagusa santuri.

Sasa tazama ufundi wenyewe. Katika rumba ya Kongo gitaa la ridhimu hushika mzunguko mfupi na kuurudia bila kuchoka. Juu yake huja mi-solo, gitaa la kati, likijaza mapengo, kisha solo. Franco mwenyewe alizoea kukwanyua kwa gumba na kidole cha shahada, nyuzi mbili kwa mpigo, hata gitaa moja likasikika kama ndugu wawili wanaoimba pamoja. Muziki wa namna hiyo haukimbilii mwisho. Humpa msikilizaji mahali pa kukaa.

Hapo ndipo Franco anapoingia, na sehemu kubwa haimbi, anasema. Anatumia Kifaransa na Kilingala, ili ujumbe uvuke mipaka ya Zaire. Anawageukia watu kundi kwa kundi: vijana, wazazi, walimu, madaktari, viongozi wa dini, wenye serikali. Kila mmoja anapewa wajibu wake, na hakuna anayeachwa akidhani yanayosemwa ni ya jirani. Sauti yake ni nzito, ya mzee wa ukoo aliyesimama kikaoni, na muziki chini yake unaendelea kuzunguka bila kumkatiza. Santuri ndogo ya dakika tatu isingeyabeba yote hayo. Ilihitajika santuri kubwa, na mtu aliyejua kuitumia nafasi hiyo yote.

Miaka miwili baada ya santuri hiyo, Franco alifariki Ubelgiji tarehe 12 Oktoba 1989, akiwa na miaka 51, na Mobutu akatangaza siku nne za maombolezo.

Nyimbo nyingi za kuelimisha huanza na fundisho, kisha hutafutiwa mdundo wa kulifunika. Ndiyo maana watu huzizima. Franco alijenga kwanza muziki ambao mtu hataki kuuacha, ndipo akasema yote bila kupunguza neno. Anayetunga leo juu ya maradhi, mimba za utotoni au chuki kati ya wakimbizi na wenyeji, awe Kibondo mjini au ndani ya Nyarugusu, aanzie kwenye gitaa la ridhimu.