Unga wa Kawangware na herufi tatu za RNA

Gorogoro ya mahindi inayopelekwa posho mill kule Kawangware au Kibera inaweza kuwa mchanganyiko wa nafaka ya Trans Nzoia, Uganda na Tanzania. Mnunuzi hukagua kama imekauka na kama ina wadudu, kisha huuliza bei. Seleniamu, madini ambayo mwili huhitaji kwa kiasi kidogo, haiwezi kukaguliwa kwa macho, ilhali kiasi chake ndani ya punje hutegemea sana udongo wa shamba. Ikipungua, athari hufika pale RNA, nakala ya maagizo ya jeni, inaposomwa ili protini itengenezwe.

Ribosomu, mashine ya seli inayounda protini, husoma RNA kwa herufi tatu tatu. UGA kwa kawaida huamuru usomaji ukome. Mwaka 1986, kundi moja la watafiti lililochunguza jeni ya panya na jingine lililochunguza bakteria wa E. coli walikuta UGA katikati ya jeni za protini nzima kabisa, pale pale penye selenosisteini, asidi amino inayobeba seleniamu. Sasa seli hujuaje UGA ipi ni kikomo na ipi sicho?

Jaribio la Marla Berry na wenzake huko Boston, lililochapishwa mwaka 1991, ni la kupendeza kwa jinsi lilivyonyooka. Walichukua jeni ya kimeng'enya kinachoamsha homoni ya tezi ya shingo, wakaondoa mkia wa RNA yake, ule ulio baada ya maagizo ya protini kwisha. Utendaji wa kimeng'enya ukapotea. Wakapachika mkia wa jeni nyingine, ya glutathioni peroksidesi, ambayo nayo hutumia seleniamu. Utendaji ukarudi! Kumbe sehemu ya mkia huo hujikunja, na mkunjo huo, ukiwa mbali na UGA, ndio unaofanya herufi hizo zisomwe kama selenosisteini.

Binadamu ana jeni 25 za protini za aina hii, na seleniamu ikiadimika protini hizo hazipungui kwa usawa. Maabara ya Lynne Maquat ilionyesha mwaka 1998 kwamba RNA ya glutathioni peroksidesi ya kwanza hupungua, na dalili zote zilielekeza kwamba seli huichukulia UGA yake kuwa kosa na kuiharibu RNA nzima. Watafiti walibadilisha herufi moja tu, UGA ikawa UGC, ambayo huita sisteini ya kawaida. RNA hiyo haikujali tena upungufu. Protini nyingine, hasa za ubongoni na kwenye tezi, hulindwa kwa muda mrefu zaidi. Ndiyo maana mtu anaweza kupungukiwa bila dalili ya wazi.

Malawi wameonyesha namna ya kulifuatilia jambo hili nje ya maabara. Walipima damu za watu na kuzilinganisha na mahali wanapoishi, wakakuta upungufu umeenea, ila wakazi wa karibu na Ziwa Malawi wana nafuu, jambo linaloendana na ulaji wao wa samaki. Utafiti uliochapishwa mwaka 2021 ukachora ramani ya madini katika nafaka za Malawi na Ethiopia, na tofauti kati ya eneo na eneo zilikuwa kubwa.

Ramani ya namna hiyo humfaa anayekula alicholima. Kibera na Kawangware watu hula walichonunua, kwa hiyo kupima udongo wa Nairobi hakutatuambia kitu. Kipimo kinapaswa kuanzia kwenye gunia: limetoka wapi, limechanganywa na nini, na nani anakula samaki kama omena mara ngapi kwa wiki. Pia sheria ya Kenya ya mwaka 2012 ya kurutubisha unga wa pakiti inataja chuma, zinki na vitamini, lakini seleniamu haimo. Na hata ingekuwamo, unga wa posho mill kwa sehemu kubwa haupitii urutubishaji huo.

Finland walipitia shambani: tangu miaka ya 1980 huongeza seleniamu kwenye mbolea. Kugawa vidonge vya seleniamu mtaani bila kupima kwanza singekubali. Mtu mzima huhitaji takriban mikrogramu 55 kwa siku, na kikomo cha usalama kinachotumiwa Marekani ni 400. Nafasi hiyo ni finyu, na dalili za kawaida za sumu ya seleniamu ni nywele kunyonyoka na kucha kukatika.