Shingo Upande na Kinyongo

Kijana mmoja wa darasani kwangu alifasiri neno la Kiingereza "grudgingly" kuwa ni "kwa lazima." Nikalipiga mstari mwekundu. Kisha nikaona mimi mwenyewe sina neno bora la kumpa, na jambo hilo si raha kwa mwalimu.

Kwamba alikosa, hapana shaka. Neno hilo limo katika Biblia ya zamani ya Waingereza, 2 Wakorintho 9:7, na hapo Mtume alitenga lazima kuwa jambo la pili. Wafasiri wa Biblia yetu ya 1952 waliweka "huzuni." Wamefuata Kiyunani sawasawa, kwa maana lupe ndiyo huzuni, lakini hapa kwetu Kibiti mtu akisikia sadaka ya huzuni hufikiri matanga.

Lazima hutoka nje ya mtu. Neno letu hili lahusu moyo wake anapokubali. Mtazame mvuvi wa kamba huku delta. Mnunuzi ametaja bei ndogo, barafu hakuna, jua linapanda. Atauza. Akiuza huku jicho lake li mtoni, pengine itatokea mashua ya mnunuzi mwingine, ameuza shingo upande. Lakini akimwekea yule mtu jambo moyoni hata msimu ujao, ameuza kwa kinyongo. Fedha ni ile ile, wala daftari la hesabu halionyeshi tofauti.

Neno la Kiingereza limezaliwa na kinyongo, basi kinyongo ndiyo tafsiri yake ya kwanza. Hata hivyo lisitumiwe ovyo. Baada ya mafuriko makubwa ya 1968, Serikali iliwahamisha watu wa bonde la Rufiji wakakae katika vijiji vya juu. Kazi hiyo iliitwa Operesheni Rufiji. Walihama, lakini mpunga wataka maji. Msimu ulipofika wengi walirudi bondeni, wakalala katika madungu kulinda mashamba yao na nguruwe na ndege. Miili ilikuwa imehamia juu, shingo zimegeukia mto. Mwandishi akisema wote walihama kwa kinyongo, amewasingizia chuki watu ambao wengine wao walikuwa na shamba tu la kukumbuka. Hao walihama shingo upande, na Mwingereza makini angewatafutia neno lingine.

Kijana nilimpa nusu alama. Aliipokea shingo upande.