Slide Hampton na Bendi ya Nyumba Moja

Mwezi Novemba mwaka 1960, katika studio ya kurekodia santuri mjini New York, Mtanganyika mmoja aitwaye Tuntemeke Sanga, ambaye baadaye alikuwa mbunge nchini Tanzania, alighani kwa Kiswahili shairi la uhuru lililotungwa na Langston Hughes. Shairi hilo lilikuwa mlango wa kuingilia katika kazi kubwa ya mpiga piano Randy Weston iitwayo Uhuru Afrika. Tanganyika ilikuwa bado mwaka mmoja na siku chache kuufikia uhuru wake. Mwaka 1964 serikali ya makaburu ya Afrika Kusini iliipiga marufuku santuri hiyo, na marufuku ya adui ni ushahidi mzuri kwamba muziki uliwafikia waliokusudiwa.

Wenzetu wanaoijua kazi hiyo humtaja Weston, aliyeitunga, na wakiwa waungwana humtaja pia Melba Liston, mwanamke mpiga tromboni aliyeipanga sauti kwa sauti. Mimi nataka kusema juu ya mmoja wa wale watatu walioketi katika safu ya tromboni. Wawili walikuwa Quentin Jackson na Jimmy Cleveland. Wa tatu alikuwa Slide Hampton.

Jina lake la kuzaliwa lilikuwa Locksley Wellington Hampton. Alizaliwa tarehe 21 Aprili 1932 katika mji mdogo wa Jeannette, jimbo la Pennsylvania, akiwa kitinda mimba wa nyumba yenye watoto 12. Baba yake, Clarke Hampton, aliyejulikana zaidi kwa jina la Deacon, na mama yake, Laura, walikuwa wanamuziki, nao waliwafundisha watoto wao muziki kama mkulima awafundishavyo wanawe kushika jembe, yaani si kwa ajili ya kutafuta sifa bali kwa ajili ya kupata chakula. Nyumba ilikuwa bendi, na bendi ndiyo iliyokuwa kazi ya nyumba. Walizunguka huku na huko wakipiga katika maonyesho ya kuhamahama mpaka mwaka 1938 walipotua Indianapolis na kufanya maskani huko. Kaka yao aitwaye Duke akawa kiongozi. Aletra alishika piano, Virtue besi, Carmalita saksafoni ya baritoni, na Dawn saksafoni ya alto. Locksley, kwa kuwa alikuwa mdogo mno, alianza kwa kuimba na kucheza mbele ya ndugu zake. Baadaye pengo likaonekana katika safu: hapakuwa na mpiga tromboni. Basi mtoto akapewa tromboni, na kwa chombo hicho akapata jina la Slide, ambalo ndilo jina la ule mrija wake unaoteleza.

Yafaa msomaji akijue chombo chenyewe. Tromboni ya kawaida ni shaba isiyo na vitufe. Sauti hupatikana kwa midomo na kwa mrija mrefu unaosukumwa na kuvutwa katika vituo saba, na vituo hivyo havina alama yoyote. Mpigaji huvijua kwa mkono na kwa sikio lake tu. Desturi ni kuushika mrija huo kwa mkono wa kulia. Ile tromboni aliyopewa Hampton ilikuwa imefungwa kwa kupigwa kwa mkono wa kushoto, na kwa kuwa hakuna aliyemkataza, aliipiga hivyo hivyo maisha yake yote. Nadhani mwalimu wa darasani angelisahihisha jambo hilo siku ya kwanza. Nyumba yenye kazi ya kufanya jioni ile ilitazama kitu kimoja tu: je, sauti inatoka?

Mwaka 1952, akiwa na umri wa miaka 20, alikwisha kupiga katika ukumbi wa Carnegie Hall. Baada ya hapo orodha ya kazi zake inachosha hata kuisoma. Alikuwa katika bendi ya dansi ya Buddy Johnson. Kisha kwa Lionel Hampton, ambaye hawakuwa na udugu ila wa jina. Kisha, tangu 1957 hadi 1959, kwa Maynard Ferguson, ambako alipiga na kuandika pia. Katika miaka ya sitini aliongoza muziki wa mwimbaji Lloyd Price na kuwafanyia kazi waimbaji wa kampuni ya Motown. Mwaka 1968 alisafiri Ulaya pamoja na bendi ya Woody Herman, akabaki huko mpaka mwaka 1977. Aliporudi Marekani alifundisha katika vyuo vikuu, na tangu mwishoni mwa miaka ya themanini akawa katika okestra ya Dizzy Gillespie iliyochukua jina la Umoja wa Mataifa.

Fundi wa namna hii aghalabu hupewa sifa yenye sumu ndani yake: kwamba anaweza kila kitu. Maana yake iliyofichwa ni kwamba hana chake mwenyewe. Wanaosema hivyo hupima muziki wa jazi kwa kipimo kimoja, nacho ni mpigaji aliyesimama peke yake mbele ya wenziwe na kuwafunika. Kwa kipimo hicho Hampton ni mdogo kuliko J. J. Johnson, wala sitaki kubishana. Ila kipimo chenyewe nina mashaka nacho.

Hebu tusikilize bluzi yake iitwayo Frame for the Blues, katika santuri ya Ferguson ya mwaka 1958. Ni bluzi ya mwendo wa pole. Hampton haiharakishi. Anaanza kwa sauti chache, kisha anaongeza safu juu ya safu, na kila safu inapoingia ile ya kwanza haikatazwi kusema. Tarumbeta ya Ferguson inapopanda juu kabisa, kimo chake si cha mtu mmoja bali cha jengo zima lililo chini yake. Uwezo huu wa kuwapa wengi nafasi bila ya kuleta fujo haupatikani kwa kusoma vitabu vya sauti tu. Ni uwezo wa mtoto aliyekua akisikiliza kila usiku ndugu zake wanasema nini, ili ajue yeye aseme wakati gani.

Alipounda kundi lake mwenyewe la watu wanane mwaka 1959, alifanya jambo ambalo hata sasa linanishangaza: hakuweka piano. Katika bendi nyingi za jazi piano ndiyo imshikayo mkono kila mpigaji asipotee. Hampton aliiondoa, akaviachia vyombo vya kupuliza vibebe vyenyewe mzigo wa upatanifu wa sauti. Vijana waliopita katika kundi lile, kama Freddie Hubbard, Booker Little na George Coleman, hawakuwa na ukuta wa kuegemea ila mwenzao wa kando. Zipo sehemu ambapo mpango unawabana vijana hao, na solo inakatishwa wakati ndipo inapoanza kuchemka. Hilo ni kosa la Hampton, nalo linarudi tena katika kazi zake nyingine. Alipenda mno kila kitu kikae mahali pake. Lakini nyumba yake ya Brooklyn, tunaambiwa, ilikuwa wazi. Hubbard alipata kukaa humo, na Eric Dolphy pia. Kitinda mimba wa watoto 12 alikuwa amejenga tena kelele za utotoni mwake.

Asidhani mtu kwamba alijificha nyuma ya karatasi za mpangilio kwa kuogopa. Katika santuri aliyoirekodi Paris mwaka 1969, akiwa na watu watatu tu, Joachim Kühn, Niels-Henning Ørsted Pedersen na Philly Joe Jones, anapiga tromboni kwa kasi na kwa wepesi unaosahaulisha kwamba chombo hicho hakina vitufe. Aliweza kusimama peke yake. Alichagua kutofanya hivyo daima.

Kilele cha uchaguzi huo ni kundi aliloliita World of Trombones, lililotoa santuri yake mwaka 1979: wapiga tromboni tisa, na nyuma yao piano, besi na ngoma. Katika hao tisa walikuwamo mkongwe Curtis Fuller, kijana Steve Turre, na Janice Robinson, mwanamke katika safu ambayo kwa miaka mingi ilikuwa ya wanaume. Hatari ya mpango kama huo ni dhahiri. Sauti tisa za rangi moja zaweza kuwa uji mzito. Hampton anaepuka hatari hiyo kwa kuwatenganisha: tromboni za besi zinabaki chini kama sakafu, za kati zinaitikia, na ya juu inaongoza wimbo kama mghani mbele ya waitikiaji wake. Hata hivyo siwezi kusema kwamba anafaulu kila mara. Baada ya nyimbo tatu nne sikio linatamani tarumbeta moja iingie na kuvunja adabu ile.

Tuzo zilikuja baadaye. Alipata ya Grammy mwaka 1998 kwa kumpangia Dee Dee Bridgewater wimbo Cotton Tail, na nyingine mwaka 2005, mwaka ambao pia serikali ya Marekani ilimpa heshima ya Bingwa wa Jazi. Alifariki Novemba 2021, akiwa na umri wa miaka 89.

Lipo jambo moja ambalo wasifu wake hulipita kwa haraka mno. Husema kwamba alitoka katika familia ya wanamuziki, kisha familia inaachwa kituoni kama mzigo uliosahauliwa na gari likaondoka. Lakini nyumba haikuvunjika alipoondoka yeye. Dada zake wanne waliunda kundi lao wenyewe, The Hampton Sisters, wakapiga katika kumbi za Indianapolis wakati jina la ndugu yao likisafiri duniani. Dawn alihamia New York, akawa mwimbaji na mcheza dansi aliyeheshimiwa mpaka alipofariki mwaka 2016. Aletra na Virtue walibaki Indianapolis, mmoja kwenye piano na mwingine kwenye besi, na waliendelea kupiga pamoja hata uzeeni. Wote wawili walifariki mwaka 2007. Hawakupata tuzo za Grammy. Virtue alizaa na kulea katika mji huo mtoto aitwaye Pharez Whitted, ambaye ni mpiga tarumbeta na mwalimu wa jazi.