Ufundi wa Kuondoka na Kubadilisha Gia

Mashindano ya magari kwenye njia iliyonyooka kwa kawaida huwa ya robo maili, yaani mita 402, na ushindi hutegemea mambo mawili: namna gari linavyong'oka kutoka liliposimama, na mahali gia zinapobadilishwa. Mambo hayo mawili ndiyo yanayomtambulisha pia dereva hodari wa pikapu ya mizigo katika barabara ya Nakuru kwenda Nyahururu. Barabara hiyo huanzia kwenye mita zipatazo 1,850 juu ya usawa wa bahari, hupanda kupitia Bahati, hushuka hadi bonde la Subukia, kisha hupanda tena mpaka Nyahururu, zaidi ya mita 2,300. Anayepakia viazi au mahindi huko hana mshindani ubavuni, lakini mlima humdai ustadi ule ule adhimu: kutopoteza hata kidogo nguvu aliyo nayo.

Ufundi huu huanza na hewa. Kwenye mita 2,000 hewa ni nyepesi kuliko ya Mombasa kwa takriban moja ya tano, na injini isiyo na turbo hupungukiwa nguvu kwa kiasi kinachokaribia hicho. Turbo hufidia sehemu kubwa ya upungufu, ila nayo huendeshwa na moshi wa injini yenyewe. Mizunguko ikiwa ya chini, moshi ni haba na turbo haijaamka. Kwa hiyo dereva wa nyanda za juu hulazimika kuiamsha injini kidogo zaidi kabla ya kuondoka.

Kuondoka vizuri ni kazi ya klachi na tairi. Mafuta hukanyagwa mpaka injini itulie kwenye mizunguko inayofaa; klachi huachiliwa hadi inaposhika, hushikiliwa hapo kitambo kifupi mno, kisha huachiwa yote huku mafuta yakiongezwa. Ikiachiwa ghafla, injini huzima au tairi huzunguka bure. Ikicheleweshwa, huungua. Tairi huvuta kwa nguvu zaidi inapoteleza kidogo tu, karibu sehemu moja kwa kumi. Ikipita hapo, mshiko hupungua na kelele hudanganya kwamba gari linakwenda. Mlimani, breki ya mkono hulizuia gari mpaka klachi ishike, ndipo huachiliwa.

Pikapu tupu ina udhaifu wake. Uzito mwingi uko mbele, ilhali magurudumu yanayosukuma mara nyingi ni ya nyuma. Nguvu ikija kwa kishindo, springi za nyuma hujipinda na ekseli huanza kurukaruka. Fundi wa magari ya mashindano hufunga vyuma vya kuizuia ekseli isijipinde, hutafuta tairi laini zaidi na hupima upepo wake kwa uangalifu. Pikapu iliyopakiwa hukanyaga ardhi vizuri nyuma, lakini huhitaji klachi imara.

Marekebisho mengine huharibu kile yanachokusudia kuongeza. Tairi zenye kipenyo kikubwa zaidi kwa asilimia 10 huzifanya gia zote ziwe ndefu kwa kiasi hicho, na uondokaji hulegea. Dawa yake ni difu yenye uwiano mfupi zaidi. Injini ikiongezewa mafuta na upepo ili ivute mapema, klachi na tairi za zamani hushindwa kwanza. Fundi mwenye busara hurekebisha kitu kimoja, hupima muda, ndipo hugusa kingine.

Baada ya kuondoka huja swali la gia. Wengi hudhani kila gia iminywe mpaka mwisho wa mizunguko. Kanuni sahihi ni kubadilisha pale ambapo gia inayofuata itasukuma magurudumu sawa na ile inayoachwa. Tuseme gia ya pili ina uwiano wa 2.2 na ya tatu 1.4. Ikibadilishwa kwenye mizunguko 3,600 kwa dakika, injini huangukia karibu 2,290, mahali ambapo dizeli nyingi zenye turbo huvuta kwa nguvu. Ikibadilishwa kwenye 2,400, huangukia takriban 1,530, turbo husinzia na gari huzubaa. Ikichelewa kupita kilele cha nguvu, dizeli hutoa kelele na joto bila mwendo.

Mwinuko huikaza kanuni hii. Kwenye mlima wa asilimia 8, gari ambalo klachi yake imekanyagwa hupoteza karibu kilomita 3 kwa saa kila sekunde. Dereva aliyebeba mzigo huku akipanda kwa kilomita 30 kwa saa hawezi kuzembea: mkono uwe mwepesi, na gia ndogo iingizwe kabla injini haijaanza kulalamika. Mita ya mizunguko husaidia, lakini sikio lililozoea husikia mapema zaidi, na sikio hilo halinunuliwi dukani. Tanboi, yaani msaidizi wa dereva, hulipata kwa kukaa miaka kando ya dereva aijuaye injini yake.

Mbio zina mahali pake, kwenye njia iliyofungwa na yenye wasimamizi; barabara ya Subukia ni ya watoto wa shule, bodaboda na matatu pia. Huko ufundi huu hutumika kufikisha mzigo sokoni kwa klachi isiyonuka, tairi zisizoliwa ovyo na dizeli iliyotumika kama inavyostahili. Ni ujuzi unaostahili heshima sawa na ufundi mwingine wowote wa mikono.