Nani Amekuja? Viumbe Wadogo, Sarufi na Faraja ya Mfiwa: Tafakuri kutoka Namoto

1. Utangulizi

Namoto ni kituo cha mpakani katika Wilaya ya Palma, kaskazini mwa Cabo Delgado, karibu na mdomo wa Mto Ruvuma. Kituo hiki kimo katika eneo lililoitwa Pembetatu ya Kionga, ambalo lilikuwa chini ya Wajerumani hadi Wareno walipolitwaa mwaka 1916. Kiswahili kimeishi hapa kwa muda mrefu, kikiwa jirani wa Kimakwe, lugha ambayo Maud Devos aliiandikia sarufi mwaka 2008. Tangu mashambulizi ya Mocímboa da Praia ya Oktoba 2017, na hasa baada ya mji wa Palma kushambuliwa Machi 2021, watu wengi wa mkoa huu wameyakimbia makazi yao. Anayekimbia hubeba watoto na mikeka, lakini makaburi huyaacha nyuma. Mfiwa asiyeweza kuzuru kaburi humkumbuka wake kwa kitu gani?

Makala hii inajadili jibu moja linalofahamika kotekote: kiumbe mdogo, kama vile kipepeo anayetua mlangoni au ndege anayerudi kwenye mti uleule, hufariji kwa kuwa anamkumbusha mtu marehemu wake. Hoja yetu ni kwamba faraja hiyo haihitaji imani kuwa marehemu amerudi. Inategemea nafasi ambayo sarufi ya Kiswahili humpa mfiwa ya kuliacha swali hilo wazi.

2. Tafsiri mbili zilizozoeleka

Tafsiri ya kwanza huona hapa mabaki ya imani ya mizimu. Mfano ulio karibu ni Mapiko ya Wamakonde, ambamo mchezaji aliyevaa kinyago huchukuliwa kuwa mfu aliyerejea miongoni mwa walio hai. Hata hivyo, Mapiko ni mchezo wa hadhara wenye ngoma, mafunzo na miiko yake. Kipepeo wa mlangoni hana ngoma wala mtazamaji zaidi ya mfiwa mwenyewe. Isitoshe, Mwislamu wa pwani hufundishwa kwamba roho ya mfu imo barzakhi, wala haihamii katika mwili mwingine. Wakati huohuo, Kurani aliyoisoma chuoni, katika Sura ya Al-Maida, inasimulia habari za kunguru aliyetumwa kumwonyesha mwana wa Adamu namna ya kumsitiri ndugu yake aliyemuua. Kunguru yule si maiti aliyefufuka. Ni kiumbe aliyewekwa kati ya maiti na aliyebaki, ili aliyebaki ajue la kufanya. Kwa hiyo msikilizaji wa pwani anao tayari mfano wa kiumbe anayehusiana na kifo bila kuwa yeye ndiye mfu.

Tafsiri ya pili huita jambo hili tashihisi, yaani kukipa uhai wa kibinadamu kisicho nao. Istilahi hiyo haitoshi. Katika Kiswahili sanifu, kipepeo hahitaji mshairi ili ahesabiwe pamoja na watu. Sarufi imekwisha kumhesabu.

3. Ushahidi wa sarufi

Neno "kipepeo" lina umbo la ngeli ya KI-VI, na kamusi hulipa pia maana ya kifaa cha kupepea. Kifaa husemwa "kipepeo hiki kimevunjika". Mdudu husemwa "kipepeo huyu amekufa". Tofauti yote imo katika upatanisho. Mdudu hupewa kiambishi kilekile cha nafsi ya tatu anachopewa mama, mume au mtoto. Mfiwa akisema "amekuja leo asubuhi", kitenzi hakisemi kama aliyekuja ni wa kike au wa kiume, mtu au mdudu. Mfasiri wa Kiingereza hulazimika kuchagua, na akichagua tu, faraja humponyoka, kwa sababu amelijibu swali ambalo mfiwa alikusudia lisijibiwe. Utata huu si upungufu wa lugha. Ndimo mfiwa anamokaa: hajaikana dini yake, wala hajakiri kwamba nyumba ni tupu.

4. Ua na kipepeo

Tofauti hii huonekana zaidi tukimrejea Shaaban Robert (1909–1962). Katika tanzia ya mkewe Amina, iliyomo katika Maisha Yangu, marehemu anafananishwa na ua lililofunga baada ya kuchanua. Ua ni la ngeli ya LI-YA. Haliji wala haliondoki. Limeota mahali pamoja na mwisho wake ni hapohapo. Hiyo ni faraja ya ukamilifu, inayomfaa mfiwa ajuaye alikomzika wake. Kiumbe mwenye mabawa hutoa faraja ya namna nyingine: huvuka Ruvuma bila hati ya kusafiria na huweza kumkuta mfiwa popote alipohamia. Aliyetenganishwa na kaburi humhitaji huyu zaidi ya ua.

5. Mpaka wa faraja

Taswira hii ina hatari yake. Humtaka anayeipokea awe amekubali kwamba mtu wake amekufa. Katika vita, wengine hawajulikani walipo. Kwa mama anayemngoja mwanawe, kumwambia kwamba kipepeo ni kumbusho ni kumzika mtoto huyo kwa maneno kabla ya habari kufika. Kwake, "amekuja" lazima libaki na maana moja tu, ya mtu anayebisha hodi. Mhakiki hana budi kuuliza kwanza ni nani anayesema, na amepoteza nini, kabla ya kuiita taswira hiyo faraja.

6. Hitimisho

Tumeonyesha kwamba kiumbe mdogo katika lugha ya mfiwa si lazima awe mabaki ya imani ya kale, wala si pambo la kishairi tu. Ni tendo la lugha linalowezeshwa na upatanisho wa kisarufi. Wanaokusanya mbolezi na masimulizi ya waliohama Cabo Delgado wanashauriwa kuhifadhi vitenzi kama vilivyotamkwa, bila kuongeza nomino ya kufafanua nani amekuja. Mahali penye ukimya huo ndipo msemaji alipoiweka huzuni yake.