Alikufa au Aliuawa? Uhakiki wa Vitabu Viwili Kuhusu Upelelezi wa Hospitalini

Msomaji wa riwaya ya upelelezi ya Kiswahili, tangu Mzimu wa Watu wa Kale ya Mohamed Said Abdulla (1960) na Simu ya Kifo ya Faraji Katalambulla (1965), amezoea kupewa jambo moja lisilo na shaka: yupo mtu aliyeuawa. Maiti ikishaonekana, kazi ya Bwana Msa ni kumtafuta aliyetenda. Atakosea njia, atadanganywa na mashahidi, lakini hatahitaji kujiuliza kama kosa lenyewe lilitendeka.

Mauaji ya hospitalini hayampi mtunzi msingi huo. Hospitalini watu hufa kila siku, na wengi wao walikwisha kuwa mahututi. Cheti cha kifo hutiwa sahihi, jamaa huchukua maiti yao, na mazishi hufanywa. Mpelelezi akiitwa, huwa amechelewa, na hana hakika kwamba pana la kupelelezwa. Kazi yake ya kwanza imo katika tofauti ya vitenzi viwili: je, mgonjwa huyu alikufa, au aliuawa? Swali la pili, yaani ni nani aliyemwua, haliwezi kuulizwa kwa haki kabla ya la kwanza kujibiwa.

Makala haya yakusudia kuvipima vitabu viwili kwa mizani hiyo. Cha kwanza ni The Good Nurse (2013) cha Mmarekani Charles Graeber, kinachomhusu muuguzi aliyeua kweli. Cha pili ni Lucia de B. (2006) cha Ton Derksen, mwanafalsafa wa Uholanzi, kinachomhusu muuguzi aliyehukumiwa kifungo cha maisha kwa mauaji ambayo hayakuwapo. Vitabu hivi havikuandikwa ili visomwe pamoja. Hata hivyo, kila kimoja chafichua upungufu wa mwenzake.

Maudhui ya The Good Nurse

Charles Cullen alifanya kazi ya uuguzi kwa miaka 16, hadi 2003, katika hospitali 9 na nyumba moja ya kutunzia wazee, katika majimbo ya New Jersey na Pennsylvania. Silaha zake zilikuwa dawa za kawaida za wadini, hasa digoksini, ambayo husaidia moyo ikipimwa vema na huusimamisha ikizidi, na insulini, ambayo hushusha sukari katika damu. Katika hospitali ya Saint Barnabas, mwanzoni mwa miaka ya 1990, aliitia insulini katika mifuko ya maji ya chumvi iliyokuwa bado ghalani. Kwa njia hiyo, mgonjwa angeweza kudhurika mikononi mwa muuguzi mwingine asiye na hatia, wakati Cullen mwenyewe hayupo. Alikamatwa Desemba 2003. Alikiri mauaji 29 mbele ya mahakama, na mwaka 2006 akahukumiwa vifungo vya maisha vinavyofuatana.

Nguvu ya kitabu imo katika kuonyesha jinsi shaka ilivyopitishwa kutoka mkono hadi mkono. Mwaka 2002, katika hospitali ya St. Luke's huko Bethlehem, Pennsylvania, zilipatikana chupa za dawa mahali zisipostahili kuwapo. Cullen akajiuzulu. Wauguzi wenzake walipeleka wasiwasi wao kwa wenye mamlaka, lakini uchunguzi ukafungwa bila ya mashtaka, na yeye akapata kazi kwingine mwaka huo huo. Julai 2003, wataalamu wa kituo cha sumu cha New Jersey waliionya hospitali ya Somerset kwamba matokeo ya damu ya wagonjwa wanne hayangeweza kuelezwa kwa ugonjwa. Polisi hawakuarifiwa hadi Oktoba. Katika miezi hiyo Cullen aliendelea kuingia wadini, na wagonjwa wengine wakafa. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Graeber aongeza kwamba wenye nguo waliuhisi muumo, wakaamua kubadilisha nguo.

Sehemu bora ya kitabu ni ile inayoeleza jinsi ushahidi ulivyosomwa. Katika hospitali ya Somerset, dawa ziliwekwa katika kabati lililoendeshwa kwa kompyuta. Muuguzi aliandika jina la mgonjwa na la dawa, ndipo droo ikafunguka. Cullen aliagiza dawa kisha akalifuta agizo, lakini droo ilikwisha funguka. Wapelelezi wawili, Tim Braun na Danny Baldwin, walikuwa na uzoefu wa mauaji ya mitaani; orodha ndefu za maagizo hazikuwaambia kitu. Aliyezisoma ni Amy Loughren, muuguzi mwenzake Cullen na rafiki yake. Yeye alijua kwamba agizo lililofutwa mara nyingi namna ile si kosa la kidole. Hapa mpelelezi halisi ni msomaji wa hati, na kinachomfanya asome vema ni ujuzi wa kazi pamoja na ujasiri wa kuyakubali aliyoyasoma kuhusu mtu aliyempenda.

Udhaifu wa usimulizi

Ama kuhusu fani, hapana budi kusema kwamba Graeber amechagua njia iliyo rahisi kuliko maudhui yake. Nusu ya kwanza ya kitabu yaandamana na Cullen mwenyewe. Msimulizi amwita Charlie, aingia moyoni mwake, aeleza alichokifikiri alipokuwa peke yake. Msomaji ajua tangu mwanzo kwamba huyu ni muuaji. Wapelelezi hawatokei mpaka sehemu ya pili, na wakati huo msomaji amekwisha kuwatangulia mbali.

Njia hii ina faida yake, kwani yamwezesha msomaji kukasirishwa na kila mlango uliofunguliwa ili Cullen atoke. Hasara yake ni kubwa zaidi. Yale yaliyothibitishwa na maabara, yale aliyokiri mwenyewe, na yale yaliyokisiwa na mtunzi, yote yasimuliwa kwa sauti moja. Tanbihi za mwishoni zasaidia, lakini hazibadilishi sauti hiyo. Baadhi ya watu hukisia kwamba waliouawa walikuwa mamia. Huenda ikawa kweli. Lakini mahakama ilithibitisha 29, na umbali kati ya hesabu hizi mbili ungestahili kuelezwa kwa sarufi ya shaka. Zaidi ya hayo, msomaji ajuaye kila kitu huwaona waliochelewa kuwa wapumbavu au waovu tu. Haonjeshwi ugumu wa mtu aliyesimama kando ya kitanda, ambaye hajui kama alichokiona ni kifo au ni uuaji. Filamu ya mwaka 2022 iliyotokana na kitabu hiki ilijaribu kurekebisha jambo hilo kwa kumweka Amy Loughren katikati ya hadithi.

Kitabu cha Derksen na usomaji mbaya

Hatari ya kumjua muuaji mapema yadhihirika katika kisa cha Lucia de Berk. Muuguzi huyu wa mji wa The Hague alikamatwa mwaka 2001, baada ya kifo cha mtoto mchanga kufanya watu wahesabu ni mara ngapi alikuwa zamuni mgonjwa alipofariki au alipozidiwa. Mwaka 2003 alihukumiwa kifungo cha maisha, na mwaka 2004 mahakama ya rufani ikamtia hatiani kwa mauaji 7 na majaribio 3 ya kuua. Katika kesi ya kwanza ilitolewa hesabu iliyotangaa mno: kwamba uwezekano wa muuguzi kukutana na matukio mengi namna hiyo kwa bahati tu ni 1 katika milioni 342.

Derksen hakutafuta siri mpya. Aliyasoma yale yale yaliyosomwa na mahakama, lakini aliuliza kila tukio lilipataje kuitwa tukio la kushukiwa. Aligundua kwamba vifo vilivyoandikwa hapo awali kuwa vya kawaida vilibadilishwa jina baada ya Lucia kushukiwa, na kwamba zamu zake zilichunguzwa kwa jicho kali kuliko zamu za wengine. Hesabu ikawa imejengwa juu ya jibu lake yenyewe. Hata digoksini, dawa ile ile iliyomfichua Cullen, hapa ilipotosha. Kipimo kilichotumika kwa damu ya mtoto yule hakikutosha kuitenga dawa na vitu vifananavyo nayo ambavyo mwili huviunda wenyewe.

Kwa mhakiki wa fasihi, mfano mkali zaidi ni shajara. Lucia aliandika kwamba ameshindwa na msukumo uliomo ndani yake, na waendesha mashtaka wakalisoma neno hilo kuwa ni ungamo la kuua. Mwenyewe alieleza kwamba alikuwa na tabia ya kuwatazamia wagonjwa karata za bao, na kuona haya kwa hilo. Matini yenye maana mbili ilipewa maana moja, kwa sababu wasomaji walikwisha kuamua mwandishi wake ni nani. Kesi ilifunguliwa upya mwaka 2008, na mwaka 2010 mahakama ya Arnhem ikamwachilia kwa kuwa haikuona mauaji yoyote. Alikwisha kaa kizuizini zaidi ya miaka 6, na humo alipatwa na kiharusi.

Upungufu wa Derksen ni ukavu. Hoja zake zafuatana kama thibitisho la hisabati, na wagonjwa waliofariki karibu wapotee katika majedwali. Lakini ukavu huu unalinda kitu ambacho uhodari wa Graeber wa kusimulia unakipoteza: haki ya kila kifo kuchunguzwa peke yake.

Hitimisho

Dalili ya mvua ni mawingu, lakini si kila wingu hunyesha. Huko New Jersey na Pennsylvania mawingu yalionekana mara nyingi, na kila mara waliokuwa chini yake walihama tu. Huko The Hague wingu moja lilitosha watu waapishwe kwamba wamerowa. Makosa haya mawili yana shina moja, nalo ni kukimbia swali la kwanza.

Mtunzi wa Kiswahili atakayeliandikia jambo hili hatakosa vifaa. Lugha yake yatenga mshukiwa na mshtakiwa, na mshtakiwa na mwenye hatia. Yatenga pia kufa, kufisha na kuua. Litakalompasa ni kuziheshimu tofauti hizo tangu ukurasa wa kwanza, na kumwacha msomaji akae katika shaka kwa muda ule ule aliokaa mpelelezi. Aidha, itambidi amwache Bwana Msa mlangoni kwa kitambo, kwani wadini hakuna maiti iliyokwisha jieleza. Pana kitanda kitupu, karatasi zilizojazwa, na wenzake marehemu wa vitanda vya jirani, ambao bado wanangoja dawa yao ya jioni kutoka mikononi mwa mtu wasiyemjua.