Ardhi Tupu ni ya Nani?

Kabla tingatinga halijafika shambani, kuna sentensi imetangulia. Mtu fulani, mara nyingi akiwa ofisini mbali sana na shamba lenyewe, ameandika kwamba mahali fulani pana ardhi tupu, au ardhi isiyotumika, au ardhi duni. Sentensi hiyo ikishapita, yanayobaki ni mahesabu: hekta ngapi, miaka mingapi, lita ngapi. Makala haya ni uhakiki wa sentensi hiyo. Haitoki kwenye riwaya wala diwani, lakini imesomwa na mabenki na mawaziri, na imehamisha watu kuliko vitabu vingi tunavyovichambua hapa.

Mimi huishi kwa kuandikia watu maneno. Niliacha chuo mwaka wa tatu, karo ilipokataa kupatikana, na tangu hapo nimeandika vipeperushi, kurasa za tovuti, hadi maelezo ya nyuma ya pakiti ya sabuni. Kwa hivyo najua sentensi ya kuuza inavyopikwa. Kwanza unamwonyesha mteja pengo. Akishaamini pengo lipo, bidhaa yako inakuwa jibu bila wewe kusukuma sana. Katika biashara ya biofueli, pengo lilikuwa sisi.

Tuanze na bidhaa. Biofueli ni mafuta ya gari yanayotengenezwa kwa mimea. Mahindi, miwa na ngano hutoa ethanoli, ambayo huchanganywa na petroli. Mawese, soya na mbegu nyingine zenye mafuta hutoa biodizeli. Ukilisikia wazo hili mara ya kwanza linaingia akilini: mmea unavuta kaboni ukikua, unaiachilia ukichomwa, hesabu inasawazika. Brazil ina mpango wa serikali wa ethanoli ya miwa tangu 1975.

Mambo yaligeuka pale nchi tajiri zilipofanya wazo liwe amri. Marekani ilipitisha sheria ya nishati mwaka 2005, ikaiongeza makali 2007 kwa kulenga galoni bilioni 36 za biofueli kwa mwaka kufikia 2022. Umoja wa Ulaya nao ukaamua mwaka 2009 kwamba asilimia 10 ya nishati ya usafiri itoke kwenye vyanzo jadidifu kufikia 2020. Neno la kuangalia hapa ni "lazima". Mnunuzi wa kawaida hupunguza bei ikipanda. Mathe akiona unga umepanda, anabadilisha mapishi. Mnunuzi anayesukumwa na sheria hapunguzi kirahisi hivyo. Mwaka 2012 ukame ulipoharibu mahindi ya Marekani, magavana wa majimbo kadhaa waliomba amri ya ethanoli isitishwe kwa muda, na mkuu wa FAO, José Graziano da Silva, naye akaomba hivyo hivyo. Mwezi wa Novemba serikali ya Marekani ikakataa. Lita zikabaki lita. Sasa mahindi yakipungua na tangi likikataa kuachia, nani ataachia? Ataachia yule ambaye kinga yake ni mfuko wake tu.

Ripoti ya Benki ya Dunia kuhusu maendeleo ya mwaka 2008 ilifanya hesabu ambayo sijawahi kuisahau: lita 100 za ethanoli, yaani tangi la gari kubwa, hula kilo 240 za mahindi, na mahindi hayo yangemlisha mtu mmoja mwaka mzima. Kwa kipimo chetu hayo ni magunia mawili ya kilo 90 na zaidi ya nusu ya gunia la tatu. Wiki ijayo gari linarudi kujazwa tena.

Januari 2007, bei ya tortilla ilipanda Mexico hadi makumi ya maelfu ya watu wakaandamana jijini Mexico City. Wafanyabiashara walaji rushwa na waficha mahindi walilaumiwa, na ethanoli ya jirani wa kaskazini ikalaumiwa pia. Mwaka uliofuata bei ya vyakula duniani ikalipuka. Haiti ilimpoteza waziri mkuu wake, Jacques-Édouard Alexis, Aprili 2008 baada ya ghasia za njaa. Halafu vita vya asilimia vikaanza. Serikali ya Marekani ilisema biofueli imechangia chini ya asilimia 3 ya kupanda kwa bei ya chakula duniani. Don Mitchell, mchumi wa Benki ya Dunia, aliandika kwamba biofueli pamoja na matokeo yake ilichangia asilimia 70 hadi 75.

Watu wengi husoma namba hizi mbili na kuuliza nani mwongo. Mimi nadhani swali zuri zaidi ni nani alihesabu nini. Mitchell hakuhesabu mahindi yaliyoingia tangini pekee. Alihesabu pia ghala zilizobaki tupu, mashamba yaliyohama kutoka ngano kwenda mbegu za mafuta, walanguzi waliorukia soko lenye joto, na nchi zilizofunga mipaka kwa hofu. Upande wa pili uliyaweka mambo haya kando. Ndiyo maana namba peke yake haitoshi. Lazima uulize imeacha nini nje ya mlango.

Najua kuna msee atasema: lakini sisi Kenya hatuli mahindi ya Iowa. Kweli kabisa. Mahindi yetu yakipungua tunaangalia Tanzania na Uganda kwanza. Na unga wetu ulipopanda 2008, tulikuwa na sababu zetu za nyumbani, kwa sababu vurugu za baada ya uchaguzi ziliharibu Bonde la Ufa, ghala letu. Anayekwambia kila njaa ya Afrika imeletwa na ethanoli anakuuzia kitu.

Lakini angalia mafuta ya kupikia. Kenya huagiza sehemu kubwa ya mafuta yake ya kula, na mengi ni mawese. Indonesia, mzalishaji mkubwa kuliko wote duniani, iliamuru kuanzia 2020 kwamba dizeli yake iwe na asilimia 30 ya mafuta yatokanayo na mawese. Mwaka 2022 vita vya Ukraine vilipokausha mafuta ya alizeti sokoni, Indonesia ikafunga mauzo ya mawese nje kwa wiki kadhaa ili kutuliza bei kwao. Magari yao yaliendelea kunywa. Yule mama wa chapati pale steji hajawahi kusikia habari za dizeli ya Jakarta, lakini alizihisi kwenye karai. Chapati ikawa nyembamba, au ikapanda bei, au zote mbili. Mwaka huo huo, unga wa kilo 2 ukiwa umepita shilingi 200 hapa kwetu na ukame ukiitafuna Pembe ya Afrika, Rais Joe Biden alisimama Iowa mwezi wa Aprili akaruhusu petroli yenye ethanoli zaidi iuzwe wakati wa kiangazi, ili madereva wapate nafuu. Sisemi alifanya hivyo kwa roho mbaya. Alikuwa na wapiga kura wake, na sisi hatuko kwenye daftari lake.

Hiyo ndiyo njia ya bei. Njia ya pili ni ya ardhi, na hapo ndipo ile sentensi yangu inaingia kazini.

Ulaya haikuwa na mashamba ya kutosha kutimiza amri yake yenyewe, basi macho yakageukia kwetu. Mmea uliopewa sifa zote ulikuwa jatrofa. Eti unakua jangwani, hautaki maji, hauliwi, kwa hivyo hauwezi kugombana na chakula. Watu wa Pwani na Tanzania walikuwa wanaufahamu mmea huu zamani. Wanauita mbono, na kwa wengine mbono kaburi. Ulipandwa makaburini na kuzunguka boma, kwa sababu mbuzi hauli na mbegu zake zina sumu. Yaani wazee walikuwa wameshaufanyia utafiti, wakaupa kazi inayoufaa: kuwa ua. Desemba 2009 uchunguzi uliofanywa kwa wakulima wa Kenya, ukihusisha taasisi yetu ya utafiti wa misitu, ulifika palepale. Mavuno yalikuwa hafifu mno, na ushauri ukawa kwamba wakulima wadogo wasihimizwe kuupanda, isipokuwa kama ua.

Lakini kufikia hapo sentensi ilikuwa imeshasafiri. Kisarawe, Tanzania, kampuni ya Uingereza iitwayo Sun Biofuels ilipata zaidi ya hekta 8,000 zilizokuwa za vijiji, kwa mkataba wa miaka 99. Mwaka 2011 kampuni ikafilisika. Wafanyakazi wengi wakarudi nyumbani, na ardhi haikurudi pamoja nao, kwa sababu kisheria ardhi ya kijiji ikishahamishwa kuwa ardhi ya jumla ili mwekezaji wa nje aipate, hairudi kijijini yenyewe mambo yakienda mrama. Ukifungua Sheria ya Ardhi ya Tanzania ya 1999, utakuta ardhi ya jumla imefafanuliwa kwa namna inayojumuisha ardhi ya kijiji isiyokaliwa au isiyotumika. Soma tena hapo. Utupu umeandikwa ndani ya sheria, na anayeamua kama shamba lako la kupumzisha udongo "linatumika" huenda hajawahi kushika jembe.

Kwetu, delta ya Tana ndiyo kitabu cha kiada. Kulikuwa na mpango wa serikali na kampuni ya sukari wa kupanda hekta 20,000 za miwa, kwa ajili ya sukari na ethanoli. Kulikuwa na Wakanada wa Bedford Biofuels waliotaka kupanda jatrofa kwenye ranchi za huko. Ukiipiga picha delta msimu wa mvua, sehemu nyingi utaona nyasi na ndege. Nenda kiangazi. Wafugaji wa Orma na wengine kutoka mbali kaskazini wameshuka na ng'ombe, kwa sababu hakuna kwingine penye maji. Wapokomo wanalima kingo zinazofurika. Ardhi ile si tupu, ina ratiba. Mwaka 2012 na mwanzoni mwa 2013 Wapokomo na Waorma waliuana, zaidi ya watu 100 wakafa. Chanzo hakikuwa biofueli peke yake, na sitaki kurahisisha vifo vya watu. Ila ukiongeza mgombea mpya mezani ilhali waliopo hawashibi, usishangae visu vikitoka. Februari 2013 Jaji Mumbi Ngugi wa Mahakama Kuu aliamua kwamba delta inahitaji mpango wa matumizi ya ardhi, na wenyeji washirikishwe kuutengeneza. Kwa maneno mengine, mahakama iliagiza waulizwe watu ambao ile sentensi ilikuwa imewafuta.

Na Dakatcha, karibu na Malindi, mpango wa Waitaliano wa jatrofa kwenye msitu wenye Wagiriama, Wawaata na ndege wa nadra ulipingwa hadi ukazimwa. Utafiti wa 2011 ulikadiria kwamba ukihesabu msitu ambao ungefyekwa, mafuta yale yangeweza kutoa hewa chafu hadi mara sita ya mafuta ya kawaida. Basi hata lile wazo tamu la mwanzo, la kaboni kusawazika, lilikuwa limekufa.

Nina neno pia kwa upande ninaouunga mkono. Kampeni nyingi dhidi ya biofueli zimetumia picha ileile: mtoto Mwafrika, mbavu nje, bakuli tupu. Yule wa kampuni anauza ardhi tupu, huyu wa shirika anauza tumbo tupu, na katika picha zote mbili hakuna mtu anayelima, anayechunga, anayebishana kwenye baraza, anayekwenda mahakamani. Lakini waliosimamisha Dakatcha na waliopeleka Tana kortini hawakuwa matumbo. Walikuwa wakulima, wafugaji na wavuvi wenye hoja. Mhakiki anayekasirikia utupu mmoja na kuuacha mwingine amesoma nusu ya ukurasa.

Nasema haya yote kwa sababu wimbi jipya liko hapa. Julai 2022 kampuni ya Eni ilifungua kiwanda cha kukamua mbegu Makueni, na mwaka huohuo mafuta yakaanza kusafirishwa hadi Italia. Mei 2023 ndege ya Kenya Airways iliruka Nairobi hadi Amsterdam ikiwa na mchanganyiko wa mafuta ya aina hii. Ulaya sasa inaamuru asilimia 2 ya mafuta ya ndege katika viwanja vyake yawe endelevu kuanzia 2025, ipande hadi 70 kufikia 2050, na imekataza mazao ya chakula kuhesabiwa humo. Hiyo ni hatua, tusiidharau. Watu wanajifunza. Msamiati pia umejifunza: siku hizi husikii sana "ardhi tupu", unasikia "ardhi iliyochakaa". Na mmea sasa ni mbarika, ambao hauliwi pia.

Hoja ya "hauliwi" tumeshaisikia na mbono. Mbarika hauliwi, lakini unakaa kwenye ekari, unataka palizi, unataka mtu wa kuvuna wiki ileile ndengu zinataka kuvunwa. Mkulima akilipwa vizuri na kwa wakati, anaweza kununua chakula na mambo yakawa sawa. Asipolipwa, hawezi kuchemsha mbarika jioni. Kwa hiyo hoja iko kwenye mkataba kuliko kwenye mmea.

Kwa hivyo ukikutana na kipeperushi kinachong'aa, kisome kama unavyosoma hadithi. Nani amesema ardhi hii imechakaa, na alikuja mwezi gani? Bei ya kilo imeandikwa, au kuna "fursa" tu? Mbegu zikifeli, hasara ni ya nani? Kampuni ikifunga, ardhi inarudi kwa nani, na kipengele gani kinasema hivyo? Kama majibu hayamo, mwombe aliyekuletea akuandikie kwa Kiswahili, kwenye karatasi, kabla hujatia kidole kwenye wino.